Ajenda ya masomo: kwanza tuguse karatasi

Mwisho wa mwezi wa nane, wakati mvua inarudi ku milima ya Masisi, sisi wachimbaji tunashuka sokoni na karatasi ndogo mfukoni: kaye kumi na mbili, biki nne, rula, mfuko wa mgongoni. Safari hii, chini ya ile liste, binti wa mwenzetu mmoja aliongeza kitu ambacho hatukuzoea: «ajenda ya mwaka wa masomo, lakini ile ambayo wino haupiti».

Tulicheka. Kiisha tukaacha kucheka, juu alileta kaye yake tuione. Anasoma humanités ya pédagogie, anataka kuwa mwalimu. Shangazi yake alimpa kalamu ya plime, ile ya kujazia wino, na anaipenda kwa vile inamfundisha kuandika polepole na vizuri. Lakini kila alichoandika upande mmoja kilitokea upande wa pili. Herufi zilikuwa na mizizi kama ndago. Kwa hiyo aliandika paka upande mmoja wa kila karatasi, na kaye za mwaka mzima ziliisha katikati ya mwaka. Baba yake, mtu wa shimo, alifikiri mtoto anachezea franka zake. Walikosana siku nyingi. Kumbe mtoto hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa ku karatasi.

Tumeuliza walimu, tumeuliza wauza kaye, tumejaribu sisi wenyewe. Haya ndiyo tuliyopata.

Karatasi inatoka ku nyuzi za miti. Nyuzi peke yake zinakunywa maji kama kitambaa. Ili zisikunywe sana, kiwanda kinatia gundi ndani au juu yake. Pale gundi ni kidogo, wino unakimbia kufuata nyuzi: huo ndio mzizi ulioona pembeni ya herufi. Ukizidi, unatoboa mpaka upande wa pili. Wino wa plime ni maji mengi na rangi kidogo, ndiyo maana unakimbia. Wino wa biki ni mzito, una mafuta, unakaa pale ulipowekwa.

Baba zetu walijifunza na plime na chupa ya wino. Kalamu ya mpira mdogo ililetwa na László Bíró, mwandishi wa magazeti wa Hungaria, aliyepata hati yake mwaka wa 1938. Mwaka wa 1950 Marcel Bich alianza kuuza yake kule Ufaransa kwa bei ya chini, na jina lake ndilo lililokuwa biki mdomoni mwetu. Hata Ufaransa, shule ziliikubali paka mwaka wa 1965. Leo dunia nzima inaandika na biki, na anayetengeneza kaye ya bei rahisi anafikiria biki tu.

Watu wengi wanasema: chukua karatasi nzito. Ni kweli nusu. Uzito unaandikwa ku jalada kwa grama kwa meta mraba. Kaye nyembamba huwa na 60, karatasi ya fotokopi mara nyingi 80. Kaye za Clairefontaine, kiwanda kilichoanza mwaka wa 1858 ku milima ya Vosges, ziko na 90, na wino unatulia juu yake. Lakini Wajapani wametengeneza karatasi inayoitwa Tomoe River, ya grama 52 tu, nyembamba kama ya Biblia, na bado wino haupiti. Kwa hiyo uzito unasaidia, lakini gundi na namna ya kutengeneza ndiyo vinaamua. Hatuandiki haya ili mtu auze mbuzi anunue kaye ya Ulaya. Tunaandika ili usidanganywe na jalada la kungʼaa.

Sokoni fanya hivi. Enda na ile kalamu yenyewe mtoto atakayotumia, ikiwa na wino. Omba muuzaji ukurasa wa mwisho wa kaye moja. Ukimwambia unataka kumi, atakubali. Andika neno moja polepole, «Walikale» linafaa, juu liko na herufi ndefu. Acha kituo kidogo palepale, kalamu ikiwa imesimama, uhesabu mpaka tatu. Ngoja. Kiisha angalia mambo matatu. Moja: pembeni ya herufi, je, pako safi ao pameota mizizi? Mbili: geuza karatasi, kile kituo kimetokea? Kivuli kidogo si kitu. Doa ndilo baya. Tatu: pitisha kidole baada ya kuhesabu kumi na tano. Kama wino unapakaa bado, karatasi hiyo ina gundi mingi, na mtoto anayeandika haraka, zaidi ule wa mkono wa kushoto, ataharibu kazi yake.

Inua pia karatasi moja mbele ya jua. Ukiona mawingu, pengine nene pengine nyembamba, wino nao utafanya vile. Na jaribu kila paketi. Jalada ni moja, lakini karatasi ya mwaka huu inaweza kutoka kiwanda kingine.

Usisahau baridi na unyevu wetu. Karatasi inayovumilia wino Goma, mu nyumba ya mabati na jua, inaweza kushindwa ku milima ya Rubaya penye ukungu, ao mu pori la Walikale penye joto na maji kila siku. Kaye ikilala chini ku udongo usiku mzima, imekunywa maji kabla ya wino. Itie mu sachet, uifunge, uitundike juu.

Sasa ajenda yenyewe. Hapa wengi tunapoteza franka. Ajenda nyingi za duka zinaanza Januari na kuisha Desemba. Zile zinazotoka Uganda na Kenya ziko vile kwa haki yao, juu masomo yao yanaanza mwanzo wa mwaka. Sisi tunaanza Septemba na kumaliza mwanzo wa Julai. Ukinunua ajenda ya Januari mu mwezi wa tisa, umenunua miezi minne. Tena zinaonyesha siku za kupumzika za watu wengine. 17 Januari na 30 Juni huzioni, na 30 Aprili, siku ya walimu, haimo.

Kuna jambo kubwa zaidi. Kwetu mwaka wa masomo haufuati kalenda peke yake, unafuata pia risasi. Machi 2025, wakati vita vilifika Walikale-centre, watu waliingia mu pori na masomo yakasimama. Masisi inajua habari hiyo miaka mingi. Ajenda yenye tarehe za kiwandani inabaki na kurasa nyeupe za majuma yaliyopotea, na mtoto akizifungua anaona paka hasara. Ajenda isiyo na tarehe inamngoja. Akirudi, anaandika tarehe ya siku aliyorudia, anaendelea pale alipoachia.

Kwa hiyo shauri letu: chukua kaye moja ya kurasa 96 iliyoshinda ule mtihani wa wino, mujitengenezee nyumbani. Toka Septemba mpaka mwanzo wa Julai ni karibu majuma 44. Kila juma kurasa mbili, ni kurasa 88. Zinabaki 8: moja ya ratiba ya masomo, sita za alama za periode, moja ya deni la minervali na tarehe ya kulipa. Chagua iliyoshonwa kwa uzi; ile ya pini za chuma inapata kutu ku unyevu na karatasi za katikati zinatoka. Baba ao mama apige mistari pamoja na mtoto jioni moja. Hata asiyejua kusoma anaweza kushika rula. Ile jioni tumeiona kwa macho yetu: mtoto anayeona baba amepiga mistari ya Machi mu mwezi wa Septemba, anaelewa kwamba baba anamtazamia darasani mwezi wa Machi, si ku kariere. Na sheria iko wazi: mtoto hana nafasi mu shimo.

Tumalize na habari yetu wenyewe, juu si watoto tu wanaoandika. Mwenzetu mmoja, mkuu wa ekipe ya kuosha mawe, alikuwa mtu wa mpango. Alikuwa na kaye ya madeni: kilo, tarehe, jina la negosia. Alipenda kalamu ya wino wa maji, wa buluu nzuri. Siku mto ulipomchukua, tuliokota mfuko wake. Mama mjane aliketi na kamati, tukaanika kaye ile kurasa kwa kurasa. Kurasa za wino zilikuwa zimekuwa mbingu: buluu tupu. Paka mistari michache aliyoandika na biki ilisomeka. Mnunuzi alisema: «Nitalipa kinachosomeka.» Tulibishana siku mbili. Alilipa kinachosomeka, akaongeza kidogo kwa haya.

Kwa hiyo kila kalamu na kazi yake. Plime kwa masomo, ku karatasi inayoifaa, mu nyumba kavu. Kwa deni, kilo, na kila kitu ambacho mjane wako atapaswa kuonyesha kesho, biki, na nakala ya pili ibaki nyumbani.

Yule mama mjane naye tulimkuta sokoni mwezi wa nane. Alikuwa ameshika kaye mbele ya jua, anatafuta mawingu. Muuzaji alikasirika. Mama akamjibu: «Ngoja, baba, niangalie vizuri. Karatasi ilishanilia pesa mara moja.»