Vitundu Vinavyoshika Mfupa: Uso wa Nyonga Bandia na Kazi Yake

Nyonga bandia hutakiwa kubeba uzito wa mwili kwa miaka mingi. Ikilegea, maumivu hurudi, na upasuaji wa pili huwa mgumu kuliko wa kwanza. Ndiyo maana watafiti hushughulikia sana sehemu yake inayogusana na mfupa.

Zipo njia kuu mbili za kuishikiza. Ya kwanza ni saruji ya akriliki, iliyoenezwa na daktari Mwingereza John Charnley katika miaka ya 1960. Hadi leo huwafaa hasa wazee wenye mifupa dhaifu. Ya pili ni kuuacha mfupa wenyewe uote ndani ya uso wa metali, aghalabu titani, uliojaa vitundu mithili ya sifongo.

Ukubwa wa vitundu hivyo huwa takriban mikromita 100 hadi 400; unywele wa binadamu una unene wa kama mikromita 70. Vikiwa vidogo mno, mishipa ya damu haipenyi, na pasipo damu mfupa mpya hauishi. Juu ya metali huweza kupakwa utando wa haidroksiapatiti, madini ya kalisi na fosfeti yanayofanana na yale ya mfupa wa asili, ili kuharakisha ushikamano. Utando ukiwa mzito kupita kiasi, huziba vitundu au hubanduka.

Mfupa hauoti penye mtikisiko. Kiungo kikicheza zaidi ya mikromita 150 hivi, panapostahili mfupa huota tishu laini ya nyuzi, isiyoweza kukishika. Kwa hiyo, mgonjwa anapoagizwa kutumia magongo kwa wiki kadhaa, ayatumie hata kama maumivu yamekwisha.

Uso unaoukaribisha mfupa huwakaribisha bakteria pia. Mwaka 1987, mtafiti Anthony Gristina alieleza hali hii kuwa ni mbio za kuwania uso: seli za mwili zikitangulia, kiungo husalimika, bakteria wakitangulia, hujijengea utando ambao dawa huupenya kwa shida. Watafiti wanajaribu kupaka fedha au antibiotiki juu ya vitundu, lakini fedha ikizidi hudhuru hata seli za mfupa.

Mbio hizo huanza kabla ya upasuaji. Mgonjwa atibiwe vidonda vya ngozi na meno mabovu, sukari yake idhibitiwe, na aache sigara. Baadaye, akipata homa, jeraha likitoa majimaji, au paja na kinena vikiuma anapokanyaga, arudi hospitali mapema. Naye mhudumu wa afya asikimbilie kumwandikia antibiotiki: isipokuwa hali ya mgonjwa ni mbaya, awasiliane kwanza na daktari wa mifupa ili sampuli ichukuliwe, kwani dawa ikitangulia, kimelea huweza kutoonekana maabara.