Kabla hujavaa magwanda, ijue Kenya Rifles

Ukipanda matatu kutoka Nakuru kwenda Eldoret utapita Timboroa, kwenye baridi kali, zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Vijana wengi hupitia hapo wakienda Moi Barracks kupata mafunzo ya ukuruta. Je, wewe pia unayatamani magwanda? Basi jua yalikotoka.

Mwaka wa 1902 Waingereza waliunda King's African Rifles, jeshi ambalo wazee wetu waliliita Keya. Askari wa makabila mbalimbali walielewana kwa Kiswahili, na katika Vita vya Pili vya Dunia walipigana hadi Burma. Uhuru ulipofika 1963, batalioni za 3, 5 na 11 zikawa Kenya Rifles. Ile ya 11 haikudumu: ilivunjwa baada ya askari wake kuasi kule Lanet, Januari 1964.

Batalioni huwa na bendera yake. Zamani askari aliitafuta vitani ili ajue wenzake wako wapi. Siku hizi utaiona ikipitishwa kwenye gwaride la Jamhuri, Desemba 12.

Batalioni ya 9, yenye makao Moi Barracks, hubeba pia kumbukumbu ya El Adde, Somalia, ambako kambi yake ilishambuliwa Januari 15, 2016. Siku 12 baadaye, ibada ya ukumbusho ilifanyika papo hapo Eldoret.

Kwa hivyo siku ya usajili, ukikaguliwa meno na miguu, usiwaze mshahara pekee. Jiulize kama uko tayari kwa yaliyowapata waliokutangulia.