Fundi Viatu Aliyeishinda Baridi

Na Mwandishi Wetu

Kila mwaka mvua za masika zinapoanza, barabara za miji yetu huwapoteza wakimbiaji wake. Wale waliokuwa wakizijaza alfajiri tangu Januari, wakiimba nyimbo za mchakamchaka, hupungua mmoja mmoja, na kufikia Aprili wamebaki wachache wanaohesabika kwa vidole. Mwandishi wa makala haya alikuwa miongoni mwa waliokimbilia kwenye blanketi.

Daktari alikuwa amenipima shinikizo la damu na kunishauri nikimbie taratibu mara nne kwa juma. Nilitii tangu Novemba hadi Machi, na vipimo vikashuka. Masika ikaja, raba zangu zikaloa, nikasema nitarudi jua likitoka. Jua lilipotoka mwezi wa Juni, nikasingizia baridi ya kipupwe. Niliporudi kwa daktari mwezi wa Agosti, namba zilikuwa zimepanda hadi pale zilipoanzia. Hakunigombeza. Aliniuliza tu kama moyo wangu nao huchukua likizo wakati wa mvua.

Swali hilo lilinikera, kisha likanifanya nitafute habari za watu ambao hawakuacha kukimbia kwa ajili ya mvua wala baridi. Katika kutafuta huko nikakutana na habari za marehemu Arthur Lydiard, fundi viatu wa mji wa Auckland, nchini New Zealand.

Kutoka kiwanda cha viatu

Bwana Lydiard alizaliwa mwaka 1917. Alifanya kazi katika kiwanda cha viatu, na kwa muda aliongeza kipato chake kwa kupeleka maziwa majumbani. Alikuwa mfanyakazi wa kawaida, mwenye familia ya kulisha, aliyejiona kuwa na afya njema kwa sababu aliwahi kucheza raga. Siku moja, mnamo miaka ya 1940, rafiki yake alimchukua wakakimbia maili 5, yaani kilomita 8. Lydiard alirudi akihema kama aliyefukuzwa na simba. Akajiuliza: ikiwa hali yangu ni hii kabla sijatimiza miaka 30, nitakuwaje nikifikia 50?

Akaanza kujifanyia majaribio. Baadhi ya majuma alikimbia kidogo mno, mengine kupita kiasi, huku akichunguza ni kipimo gani kinaujenga mwili na kipi kinaubomoa. Mwishowe akaafikiana na nafsi yake kwamba kwa mwanamichezo hodari kipimo bora ni maili 100 kwa juma, karibu kilomita 160, tena si kwa mwendo wa kasi. Alitwaa ubingwa wa marathoni wa nchi yake mwaka 1953, akautwaa tena mwaka 1955.

Vijana wa mtaani kwake wakaanza kumfuata. Kila juma walikuwa na safari moja ndefu katika vilima vya Waitakere, magharibi ya Auckland, kupitia Waiatarua, mzunguko wa maili 22, yaani kilomita 35. New Zealand iko kusini ya ikweta kama tulivyo sisi, hivyo majira yake ya baridi huangukia Juni hadi Agosti, wakati wa kipupwe chetu. Baridi ya Auckland si ya theluji bali ni ya mvua, upepo na matope. Katika majira hayo ndipo vijana wale walipojiwekea akiba ya pumzi, kama mkulima anavyojaza ghala. Kasi ilikuja baadaye, mashindano yalipokaribia.

Matunda yake dunia iliyaona Roma, tarehe 2 Septemba 1960. Siku hiyo hiyo Peter Snell alishinda mbio za mita 800, na Murray Halberg, ambaye mkono wake mmoja ulikuwa umelemaa, akashinda mita 5,000. Siku chache baadaye Barry Magee akapata medali ya shaba katika marathoni, ile ambayo Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda akiwa pekupeku. Wote watatu wa New Zealand walikuwa wanafunzi wa fundi viatu yule.

Wagonjwa waliokimbia

Hata hivyo, lililonigusa zaidi si medali. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Lydiard aliwakusanya watu wazima wa Auckland, wakiwamo waliokwisha kupatwa na maradhi ya moyo, akawaanzishia mchakamchaka. Zama zile mgonjwa wa moyo aghalabu aliamriwa kulala na kutojisumbua. Yeye aliwataka waende polepole, kiasi cha kuweza kuzungumza njiani, lakini wasiache.

Mwaka 1962 Bill Bowerman, mwalimu wa riadha kutoka Oregon, Marekani, alimtembelea. Akajiunga na kundi hilo akidhani ni mchezo wa wazee. Mzee mmoja aliyepita miaka 70, aliyekwisha kuugua moyo, akalazimika kupunguza mwendo ili kumngojea mgeni. Bowerman alirudi kwao na fundisho hilo, na mwaka 1967 akaandika pamoja na daktari mmoja kitabu kilichowatoa Wamarekani wengi barabarani.

Bowerman huyo ndiye pia aliyemimina mpira wa maji katika kikaango cha mkewe cha kuokea mikate yenye vishimo-vishimo, mwaka 1971, akapata soli yenye meno: nyepesi, lakini yenye kushika ardhi. Leo raba nyingi za kukimbilia vilimani na kwenye matope zina soli za meno.

Kiatu cha msimu wa mvua

Mkimbiaji hakatizwi safari na mvua tu. Aghalabu hukatizwa na kiatu kilichomwangusha, kilichomchubua au kisichokauka. Fundi viatu alilijua hilo, ndiyo maana aliwashonea wanafunzi wake viatu. Hapana budi nasi tuzingatie mambo machache.

Kwa njia za udongo, kama zile za vilima vya Pugu, chagua soli yenye meno marefu yaliyoachana, ili matope yadondoke badala ya kuganda. Kwa lami meno mafupi yatosha. Marefu huisha upesi. Usihangaike kutafuta kiatu kisichopitisha maji: mvua ikikuingilia kwa juu, maji yatabaki ndani kama katika kata. Chepesi chenye vitundu ndicho bora, kwa kuwa maji huingia na kutoka.

Kijaribu kiatu jioni, wakati mguu umevimba kidogo kwa kazi za mchana, nawe umevaa soksi za kukimbilia. Pawe na nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu. Kamba zikikubana mgongo wa mguu, zipitishe sambamba, kutoka tundu hadi tundu la upande wa pili, bila kuzipishanisha juu. Mtindo huo mafundi wa nchi nyingi wanauita kwa jina la Lydiard mpaka leo.

Wengi wetu hununua raba za mitumba, na si aibu. Lakini ziweke mezani uzitazame kwa nyuma: zikiinamia upande mmoja, ziache. Bonyeza soli kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu kama ubao, sponji yake imekufa, hata kama juu zinang'aa. Raba nyingi huchoka zikifika kati ya kilomita 500 na 800.

Zikiloa, zing'oe nyayo za ndani, ujaze magazeti makavu, uyabadilishe baada ya saa chache. Ukurasa huu nao unafaa, ukishausoma. Usizianike karibu na jiko la mkaa, kwani gundi huachia na soli hukakamaa. Mwenye uwezo awe na jozi mbili za kupokezana. Kisha kausha miguu katikati ya vidole, mahali ambapo fangasi hupenda kujenga.

Hesabu ya juma

Mfanyakazi hahitaji kilomita 160. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa juma. Ziandike katika kalenda ya ukutani, mama, baba na watoto waione. Kinachohesabiwa ni jumla ya juma, si ushujaa wa siku moja. Mvua ikikunyang'anya Jumanne, kimbia Jumatano. Usirundike kilomita za siku tatu katika Jumapili moja, maana magoti hayapokei malimbikizo. Juma likiwa baya kabisa, fanya nusu. Nusu hukuweka njiani, lakini majuma machache ya kukaa bure huanza kukurudisha nyuma.

Wala si kila mvua ya kuthubutu. Radi zikipiga, kaa ndani uruke kamba. Usiyavuke maji yaliyofunika barabara, kwani mtaro ulio wazi hauonekani chini yake. Alfajiri yenye giza, vaa nguo nyeupe. Na mwenye maradhi ya moyo, presha au kisukari aanze kwa kumwona daktari.

Masika iliyofuata niliweka kalenda jikoni. Jumla yangu ilikuwa kilomita 20 kwa juma, na majuma mawili ya Aprili ziliandikwa 10 tu. Mke wangu, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa akinifunika blanketi, ndiye aliyekuwa akibadilisha magazeti ndani ya viatu. Mwezi wa Agosti daktari alinifunga mkanda wake mkononi, akatazama namba, akatazama tena, kisha akaniuliza viatu vyangu nilivinunua wapi.

Basi, ndugu msomaji, mawingu yanapotanda, usivifungie viatu vyako sandukuni. Nenda polepole, nenda kidogo, lakini nenda.