Mtungi Utokao Jasho

Yeremia alijifunza kwa kumtazama mfinyanzi, nasi tutazame. Tukitoka soko la Gakoromone na mtungi mpya, twaona ukitoka jasho ubavuni. Wengine hulalamika kwamba wameuziwa kibovu. Sivyo! Moto wa kuni uwanjani hauzibi vitundu vya udongo.

Wajerumani wa bonde la Rhine, tangu karne ya 15, walichoma vyombo katika tanuri la kuni hadi nyuzi 1,200 na zaidi, kisha wakatupa chumvi ndani. Chumvi hugeuka mvuke (wenye kukereketa koo), hushikana na udongo, huwa kama kioo. Chombo hicho hakivuji. Chafaa kwa siki na achari.

Lakini maji yake hayapoi, maana ni lile jasho liondoalo joto. Mgeni akija adhuhuri, tunamchotea mtungini.