Mikono Nyuma ya Tanbihi

Mwanafunzi wa Seminari ya Mtakatifu Pius wa Kumi, Nagongera, akifika Marko 16:9 katika Biblia nyingi za kisasa hukuta mabano, na chini ya ukurasa tanbihi fupi: baadhi ya hati za kale hazina aya hizi. Nani alizisoma hati hizo? Tanbihi haisemi. Ukitaka kumjua, fungua karatasi alizoacha.

Hati mojawapo ni Injili za Kisiria za Sinai, ambamo Marko anaishia 16:8. Agnes Smith Lewis na pacha wake Margaret Gibson waliikuta mwaka 1892 katika monasteri ya Mtakatifu Katarina. Injili zilikuwa zimekwanguliwa, na juu ya ngozi ileile vikaandikwa visa vya wanawake watakatifu. Mwaka 1893 mapacha hao walirudi pamoja na Rendel Harris, Robert Bensly na Francis Burkitt, wakanakili maandishi ya chini, mengine yakionekana tu baada ya kupakwa dawa yenye harufu ya yai viza. Haikuwa kazi ya wapenda starehe.

Daftari la kazi ya namna hii nalo ni ushahidi. Huonyesha kipi msomaji alikiona waziwazi na wapi alikisia. Kitabu kikishachapwa, kusitasita huko hupotea. Karatasi za Harris zimo Chuo Kikuu cha Birmingham, maktaba ileile inayotunza nyaraka za CMS, shirika la kimisionari lililomleta William Taylor Mombasa mwaka 1880.

Taylor alitafsiri Injili kwa Kimvita, lakini hazina yake kubwa, kwa maoni yangu, ni hati za Kiswahili alizokusanya, ambazo sasa ziko SOAS, London. Humo mna mashairi ya Muyaka bin Haji. Mwalimu Sikujua wa Abdallah al-Batawi aliyapata vinywani mwa watu, akayaandika kwa herufi za Kiarabu na kumfafanulia Taylor, naye akayanakili kwa herufi za Kilatini na kujaza maelezo pambizoni. Sikujua alifariki 1890. William Hichens alipochapisha Diwani ya Muyaka mwaka 1940, alitegemea karatasi hizo.

Taylor husifiwa kuwa ndiye aliyemwokoa Muyaka. Sifa hiyo ningeanza kumpa Sikujua. Lakini mkusanyo unaitwa kwa jina la Taylor, hivyo anayeuagiza leo lazima kwanza atenganishe mwandiko na mwandiko.