Je, Wajua? Kapu Moja, Watu Mbalimbali

Je, wajua kwamba sensa ya 2019 ndiyo ya kwanza Kenya kuwahesabu watu wenye jinsia mbili? Bungoma walipatikana 35, na Trans Nzoia, kaunti ya Kitale, 28. Transjenda hawakuhesabiwa, fomu haikuwa na nafasi yao.

Wajua kuwa hao si kundi moja? Mwenye jinsia mbili huzaliwa na maumbile yasiyo ya kiume wala ya kike moja kwa moja. Transjenda ni yule aliyeandikwa mvulana alipozaliwa, naye anajijua ni mwanamke, au kinyume chake. Ushoga na usagaji ni habari ya nani anampenda nani. Lakini mtaani wote hutiwa kapu moja, na tusi ni lile lile.

Je, wamjua Audrey Mbugua, mwanamke transjenda? Alifanya mtihani wa KCSE 2001 akapata A-, ila cheti kilimwita Andrew. Oktoba 7, 2014, Jaji Weldon Korir aliagiza Baraza la Mitihani limpe cheti chenye jina lake, kisicho na alama ya jinsia. Mbugua amesisitiza kwa miaka mingi kwamba suala la transjenda lisichanganywe na la mashoga. Namwelewa. Hebu mfikirie dada transjenda wa Kitale mbele ya wakala wa pesa za simu: wakala anatazama kitambulisho, anatazama uso, anarudia kitambulisho, na foleni nzima imeshanyamaza. Shida yake pale ni karatasi. Hata hivyo, mwenye nyumba anayemfukuza usiku haulizi tofauti hiyo, na anayemfungulia mlango mara nyingi ni shoga au msagaji.

Wajua shirika la Mbugua la kutetea transjenda lilipata amri ya kusajiliwa mwaka 2014, ilhali lile la kutetea mashoga na wasagaji lilisubiri Mahakama ya Juu hadi Februari 24, 2023, majaji 3 kwa 2?

Na wajua kwamba Agosti 2025, Mahakama Kuu ya Eldoret, kama kilomita 70 kutoka Kitale, ilimpa mwanamke transjenda fidia ya shilingi milioni 1 kwa aliyotendewa baada ya kukamatwa 2019? Jaji Reuben Nyakundi aliitaka serikali itunge sheria ya kuwalinda transjenda, au iwaingize katika mswada wa watu wenye jinsia mbili, kama wale 35 wa Bungoma na 28 wa Trans Nzoia.