Uvimbe Wenye Nywele na Meno

Uvimbe uliotolewa kwenye ovari ukipasuliwa, mara nyingine hukutwa mafuta mazito, fundo la nywele, hata jino. Huo huitwa demoidi. Nimesikia ndugu wa wagonjwa wakinong'ona habari za kurogwa, na huwa naumia, kwa kuwa maelezo yapo. Seli ya yai ina uwezo wa kujenga tishu za kila namna. Ikianza kugawanyika yenyewe bila kurutubishwa, mara nyingi hutengeneza ngozi, nayo ngozi huota nywele na kutoa mafuta.

Kwa wanawake wengi habari huishia hapo. Demoidi hukua polepole, na huleta taabu zaidi pale ovari inapojisokota na kukosa damu. Lakini katika kila 100, moja au mbili hugeuka saratani. Kwa kuwa ukuta wake ni ngozi, saratani inayozuka kwa kawaida ni ya seli bapa, jamii moja na ile ya ngozi na ya mlango wa kizazi.

Demoidi nyingi huonekana kwa wanawake walio katika umri wa kuzaa. Saratani hii huja baadaye, hasa baada ya miaka 45, uvimbe ukiwa umezidi sentimita 10 au umeanza kukua kwa kasi. Altrasaundi huonyesha vizuri mafuta na nywele, ila saratani ndogo iliyojibanza ukutani inaweza kuikwepa. Hata kipimo cha damu cha CA-125 huweza kutoa majibu ya kawaida. Ndiyo maana wengi hugundulika baada ya upasuaji, mtaalamu wa patholojia anapotazama vipande vya ukuta ule kwa darubini.

Basi kinyama kisitupwe. Kitiwe kwenye fomalini, kifike maabara, na pale ukuta uliponenepa pakatwe vipande vingi. Najua gharama huwafanya ndugu wasite, wakisema daktari ameshawaambia hakuna tatizo. Daktari ameona kwa macho tu. Saratani ikikutwa ingali ndani ya ovari, upasuaji huweza kuiponya. Ikishasambaa tumboni, tiba huwa ngumu mno. Kwa sababu hiyo hiyo daktari hujitahidi kuutoa uvimbe mzima, usipasukie tumboni.

Mgonjwa akiruhusiwa, aulize kabla hajaondoka: kinyama changu kimepelekwa wapi, na majibu niyafuate lini?